Msiwe na Wasiwasi, Mimi Nipo

Kazi yake mpya ilikuwa kukaa. Baada ya miaka ishirini na miwili ya kushika usukani wa basi la abiria sitini, walimpa kiti cha mbele ndani ya kigari cheupe cha watu kumi na wawili, kigari kisicho na usukani wala pedeli, wakamwambia: wewe kaa hapo, mikono weka mapajani, na ukiona hatari bonyeza kitufe hiki chekundu. Hatari yenyewe haikuja. Kwa miezi mitano aliyokaa mle ndani, kitufe chekundu alikigusa mara moja tu, tena alipokuwa anakifuta vumbi.

Madereva wenzake wa zamani hawakumwacha salama. Walimbandika jina la Mapajani, na jina likamganda. "Mapajani, leo umechoka? Naona umekaa sana!" Alicheka nao, maana ukilikasirikia jina la utani ndiyo unalipigilia misumari. Moyoni alijiona ana bahati. Mabasi yalikuwa yanapunguzwa moja baada ya jingine, na kila dereva alijua kwamba siku si nyingi unga wake ungemwagika. Wa kwake ulikuwa bado salama.

Abiria nao walikipa kile kigari jina lake. Walikiita Kobe. Hakikuzidi mwendo wa baiskeli, na kuku akikatiza mbele, Kobe alisimama, akangoja, akafikiri, ndipo akaondoka. Wiki za mwanzo watu walimtazama tu. Alifika kituoni, akafungua mlango, akafunga mlango, akaondoka mtupu.

"Gari linatembea lenyewe kama lina pepo," alisema muuza magazeti wa kituo cha tatu. "Mimi roho yangu bado sijaichoka."

Kila Ijumaa alikuja bibi mmoja wa ofisini, viatu virefu na kishikwambi mkononi, kuwauliza watu swali moja: unakubali, hukubali, au huna uhakika? Majibu aliyoyapata wiki tatu za kwanza hayafai kuandikwa mahali popote. Yule bibi alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Alichotaka ni watu wakubali, na kazi yake ilikuwa kutafuta ni nini kingewafanya wakubali. Bahati yake, na bahati mbaya ya wengine, alikipata.

Mwisho kabisa wa ile njia, nyumba ya pili kutoka kituo cha mwisho, alikaa shangazi yake Mapajani. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita. Alikuwa mkunga, sasa mstaafu, na katika mtaa ule ilikuwa shida kupata nyumba isiyo na mtu aliyepokewa na mikono yake. Watu wazima wenye ndevu zao walimwita mama. Lakini uzeeni alipatwa na presha ya macho. Uoni wake ulikuwa umeliwa kutoka pembeni, ukabaki kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hapo katikati napo kuna ukungu. Daktari alisema kilichobaki kinaweza kulindwa, ila lazima aende kliniki kila Jumanne kupimwa na kubadilishiwa dawa. Kliniki ilikuwa vituo vinane kutoka kwake. Basi lililokuwa likipita pale lilikuwa limeondolewa kumpisha Kobe.

"Nipande gari lisilo na mtu?" aliuliza shangazi. "Likinibwaga shimoni nimgombeze nani?"

"Mtu yupo, shangazi. Mimi nipo."

"Unafanya nini humo?"

"Nipo tu."

"Kuwepo tu ndiyo kazi?"

"Ndiyo kazi."

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakamchoma macho, akamlaumu mpwa wake kwa hilo pia. Kisha akaomba mtandio wake. "Usiwe na wasiwasi," Mapajani alimwambia shangazi akimpandisha ngazi. "Mimi nipo."

Tangu siku hiyo Jumanne zao zilikuwa na mpangilio wake. Mlango ukifunguka, yeye alisema, "Shikamoo, shangazi," naye akajibu, "Marahaba, baba. Upo?" "Nipo." Basi, akapanda. Wakifika kliniki alimshusha kwa mkono, na kila mara shangazi alikipapasa kidole gumba chake cha kulia. Kilikuwa kimepinda kuelekea kiganjani. Alipokuwa na miaka tisa kilibanwa na mlango, na shangazi mwenyewe ndiye aliyekifunga kwa kijiti na kitambaa, kikaunga vibaya.

"Katika kazi zote za mikono yangu," alisema kila Jumanne, mbele za watu, "iliyoharibika ni hii moja tu."

Mtaa ulimwona mkunga akipanda Kobe. Kama ni vigari, kama ni mashetani, mama amepanda na ameshuka mzima. Wiki iliyofuata akapanda mama mwenye mtoto mgongoni, halafu wanafunzi wawili wa chuo, halafu muuza magazeti aliyekuwa hajaichoka roho yake. Wakiingia wanasitasita pale mlangoni, na Mapajani anawaambia yale yale aliyomwambia shangazi yake: "Karibuni. Msiwe na wasiwasi, mimi nipo." Bibi wa ofisini alipowauliza nini kimewafanya wabadili mawazo, hawakusema kamera wala breki. Walisema, "Kuna yule mzee mbele. Akisema yupo, unatulia."

Ndipo akaitwa ofisini, wakamwingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, wakamweka mbele ya maikrofoni. Sentensi moja tu, walimwambia. Aliirudia mara kumi na moja. Mara sauti iko juu, mara iko chini, mara amekohoa. Ya kumi na moja ikawapendeza. Akawekewa karatasi mbele yake, akatia saini bila kufika mwisho wa ukurasa, kwa kuwa bichwa lilikuwa limeshamvimba. Jioni aliwapitia madereva wenzake kijiweni. "Mnaniita Mapajani," aliwaambia. "Kesho mtanisikia mji mzima."

Wiki mbili baadaye bibi wa ofisini alimpa mkono. Watu wameshakubali, alimwambia kwa furaha; wanane katika kila kumi. Sauti tunayo, kwa hiyo kiti cha mbele tunakiondoa. "Umeifanya kazi yako vizuri mpaka haihitajiki tena," alisema, na alidhani anamsifu.

Hawakumfukuza. Walimpeleka kwenye chumba cha uangalizi, upande wa pili wa mji, ambako alikaa mbele ya skrini nne na kutazama vigari vinne, kila kimoja na kamera yake ndani. Picha zilikuja bila sauti. Palikuwa na maikrofoni na kitufe chake, lakini hicho ni cha dharura tu: moto, ajali, abiria kuzidiwa. Mikono ilirudi mapajani.

Jumanne ya kwanza alimwona shangazi yake kwenye skrini ya pili. Alimwona akipanda ngazi kwa kupapasa, midomo ikicheza. Aliona uso wake ukigeuka kuelekea kiti cha mbele, ambako sasa palikuwa na mtungi wa kuzimia moto. Sauti yake, ile ya mara ya kumi na moja, bila shaka ilikuwa imeshasema karibuni, msiwe na wasiwasi, mimi nipo. Lakini shangazi hakwenda kukaa. Alisimama pale, ameinamisha kichwa kidogo, akingoja. Mapajani alijua anangoja nini. Anangoja shikamoo. Sauti ya kuta za sponji haikufundishwa shikamoo.

Aliapa kwamba Jumapili ataenda kumweleza. Jumapili ikafika, akapata sababu. Nyingine ikafika, akapata nyingine. Zamani alikuwa hamtembelei sana kwa kuwa walionana kila Jumanne, na sasa hata shangazi hakuwa na la kushangaa, kwa maana kwake bado walikuwa wanaonana. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Angeanzaje? Mimi niliyewaambia watu wote pandeni, ndiye niliyekuwa wa kwanza kushushwa? Halafu alipata sababu moja aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ilikuwa na sura nzuri: shangazi akijua simo, hatapanda, na asipopanda, macho yatakwenda. Kwa hiyo kunyamaza ni kumsaidia. Mtu akitaka kujidanganya huwa hakosi msaidizi.

Na mambo yalikwenda. Kwenye kituo cha kliniki palikuwa na mlinzi mmoja, mtu mnene mwenye koti la kijani, mwenye huruma zake. Alipomwona shangazi amesimama mlangoni mkono ameunyoosha, aliushika, akamshusha taratibu bila neno, akamwelekeza getini. Alifanya hivyo kila Jumanne. Mapajani aliutazama mkono wa mtu mwingine ukifanya kazi ya mkono wake, akashusha pumzi.

Jumanne ya tano ilipopita, alipigiwa simu na msusi, mpangaji wa shangazi katika chumba cha mbele, ambaye alishinda humo na vichwa vya watu tangu asubuhi na njia ya Kobe hakuijua.

"Kaka, umemfanya nini mama?"

"Kwani kasemaje?"

"Anasema siku hizi umeota mapembe. Unamkaribisha kama mteja, hata shikamoo humpi. Akikuongelesha unakaa kimya. Juzi kanung'unika hapa mpaka chakula kikapoa."

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mtu wa kupokea habari alikuwa kwenye simu. "Mwambie kazi imebana," alisema. "Mwambie haturuhusiwi kuongea na abiria." Neno hilo hakulisahau tena maishani, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa amenyamaza tu, na sasa alikuwa amedanganya.

Jumanne ya nane mlinzi wa koti la kijani hakuwepo. Labda alikuwa likizo, labda anaumwa. Kobe alisimama kliniki, mlango ukafunguka. Shangazi akasogea, akasimama kwenye ngazi, akanyoosha mkono. Hakuna aliyeushika. Abiria walikuwa wanne, wote wameinamia simu zao. Shangazi akangoja. Mlango unahesabu sekunde ishirini na hauhesabu zaidi; ukafungwa mbele ya uso wake, na Kobe akaondoka naye.

Hakurudi kukaa. Alishika bomba kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameunyoosha bado kuelekea mtungi wa moto, na midomo yake ilikuwa inasema kitu. Alipitishwa kituo cha tisa. Alipitishwa cha kumi. Kule kwenye chumba cha uangalizi Mapajani alijikuta amesimama wima, na kidole chake, kile kilichopinda, kiko juu ya kitufe cha dharura.

"Shikamoo, shangazi."

Alimwona akishtuka, kisha uso mzima ukafunguka. Kitufe kilikuwa kimefungua sauti pande zote mbili.

"Marahaba! Marahaba, baba! Kumbe mdomo unao? Leo nani kakukumbusha?" Alikuwa anacheka. "Haya, nishushe basi, kituo kimenipita na wewe umekaa unaniangalia. Si huu hapa mkono?"

Mkono ulikuwa hapo, katikati ya skrini, kiganja cha mkunga, kimekunjamana na safi. Angeweza kuugusa kwa kucha na asiguse chochote ila kioo.

"Shika basi," alisema shangazi. "Uko wapi?"

"Shangazi." "Mimi sipo."

Abiria walikuwa wameinua vichwa sasa, wote wanne.

"Hupo vipi, na nakusikia?"

"Ni spika. Mimi niko mjini huku, nakuona kwenye kioo. Walinitoa. Ile sauti walinirekodi."

Shangazi aliinua uso juu, kule sauti ilikotokea. Kisha aliuliza neno moja. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Aliurudisha mkono wake polepole, akauficha ndani ya mtandio. Dada mmoja abiria alitoa vidude vya masikioni, akainuka, akamshika bega, akamshusha kituo kilichofuata. Mlango ukafungwa, na kamera haikuweza kumfuata huko nje.

Mapajani alipanda pikipiki mpaka kliniki bila kuaga mtu. Shangazi hakuwa amefika kwa daktari. Yule dada alikuwa amemtafutia teksi, akarudi nyumbani. Mapajani alipofika kwake msusi alimzuia mlangoni: mama amelala. Jumapili alirudi, akaambiwa amelala. Jumanne iliyofuata alimtuma dereva wa teksi anayemfahamu, amchukue mpaka kliniki. Shangazi alichungulia dirishani, akauliza, "Mwenyewe yumo?" Dereva akasema hayumo. "Basi nenda, baba," alimwambia. "Ahsante."

Aliomba ofisini apewe mapumziko ya Jumanne. Msimamizi wake, ambaye alikuwa ameshamwandikia barua ya onyo kwa kutumia maikrofoni bila dharura, alimwambia ratiba imeshapangwa, angoje mwezi ujao. Angeweza kugomba. Angeweza kusema liwalo na liwe, akaondoka, wamfanye watakavyo. Hakugomba. Alingoja mwezi ujao, na mwezi ujao aliambiwa unaofuata. Jumanne aliyokuja kupewa ilikuwa ya kumi na mbili tangu mkono ule ulipokosa wa kuushika, na msusi alikuwa ameshampigia siku tatu kabla kumwambia kwamba asihangaike tena na kliniki. Lile tundu la ufunguo lilikuwa limezibwa.

Alikwenda hivyo hivyo. Alipanda Kobe, maana hakuna kingine kinachokwenda kule. "Karibuni," sauti yake mwenyewe ilimwambia pale mlangoni. "Msiwe na wasiwasi, mimi nipo." Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu aliyelala vizuri. Alikuwa ameshaomba waitoe, na bibi wa ofisini akamjibu kwa upole kwamba abiria wanaipenda na karatasi aliitia saini. Kigari kilikuwa kimejaa. Mama mmoja alimnyonyesha mtoto, muuza magazeti alisinzia mdomo wazi. Hakuna aliyegeuka kuitazama sauti wala kumtazama yeye. Watu walikuwa wamekubali kweli, na hilo hawezi mtu kulikanusha.

"Hodi."

"Karibu."

Shangazi alikuwa ameketi kitandani anakunja nguo, anapanga kona kwa kona kama mtu mwenye macho yake yote. Hakuinua uso.

"Shikamoo, shangazi."

Hakujibu. Katika maisha yake yote, kwa adhabu zote alizowahi kumpa, hakuwahi kumnyima hiyo. Alimaliza kukunja shuka, akaiweka. Ndipo akanyoosha mkono, si upande aliosimama Mapajani bali upande wa dirisha, ikabidi azunguke meza kuufuata. Shangazi aliupokea mkono wake kwa mikono yake miwili. Alianza na kidole cha mwisho, akaja taratibu, kimoja baada ya kingine, mpaka akafika kwenye kidole gumba. Akakipapasa pale kilipopinda, mara mbili.

"Marahaba, baba," alisema.

Mapajani alipiga magoti akaanza kuomba msamaha, maneno yakigongana. Alisema aibu, akasema kazi, akasema macho yako nilidhani nayaokoa. Shangazi alimwacha amalize.

"Nilijua siku ya kwanza," alisema. "Ule mkono ulionishusha kliniki, kidole chake kilikuwa kimenyooka."

Mapajani aliinua kichwa. "Ulijua? Sasa mbona hukusema kitu, shangazi? Mbona hukuuliza?"

"Nimuulize nani? Wewe ulikuwa unasema upo." Aliichukua nguo nyingine, akaipapasa kutafuta kona zake. "Nikadhani mikono yangu ndiyo imezeeka, inanidanganya."

Alikaa pembeni yake kitandani, mikono mapajani, akamtazama akikunja.